Muulize Fundi: Skana Inayoandika Kifaransa

Mwezi huu mmeniandikia kuhusu skana za barkodi kuliko redio, friji na simu kwa pamoja. Sishangai. Kila duka linaloanza kutumia kompyuta, kuanzia hapa Soko Kuu la Tabora mpaka Kigoma mwisho wa reli, linanunua na kile kibunduki cha kusomea barkodi, ile mistari iliyochapwa kwenye bidhaa. Kikigoma, mtu wa kwanza kuulizwa ni yule aliyekiuza, na jibu lake mnalijua: nunua kingine. Baadhi yenu mmeshaagiza vipya Dar. Naomba msubiri mmalize kwanza kusoma ukurasa huu, kwa sababu katika barua zote nilizozichagua hakuna skana mbovu, isipokuwa moja, na hiyo nayo imeharibika kitufe tu.

Fundi, habari za huko Tabora? Nina duka la jumla hapa Mwanga, Kigoma. Kompyuta yangu ya zamani iliungua, nikanunua laptopu iliyotumika kwa kijana anayezileta kutoka Bujumbura. Skana ni ileile. Sasa nikiskani sabuni, mahali pa namba panatokea vitu kama -éà_& na vingine sivijui. Kijana anasema skana imekufa, niongeze hela aniletee nyingine. Nifanyeje? — Mama mwenye duka, Mwanga

Mama yangu, usimpe hela. Skana yako ni nzima na sabuni imeisoma sawasawa.

Skana za dukani, ukizichomeka kwenye USB, nyingi huiambia kompyuta kwamba zenyewe ni kibodi. Kwa hiyo skana haipeleki tarakimu 6 kama tarakimu. Inapeleka habari kwamba kuna mtu amebonyeza kile kitufe kilicho kati ya 5 na 7. Kitufe hicho kinaandika nini, hiyo ni kazi ya kompyuta kuamua. Laptopu yako imetoka kwa watu wanaotumia kibodi ya Kifaransa, na kwenye kibodi hiyo mstari wa juu hautoi namba mpaka ushikilie Shift. Bila Shift, 1 ni &, 2 ni é, 3 ni ", 4 ni ', 5 ni (, 6 ni -, 7 ni è, 8 ni _, 9 ni ç na 0 ni à. Skana yako inadhani bado inaongea na kibodi ya Kimarekani, haioni sababu ya kushika Shift.

Sasa chukua ulichoniandikia: -éà_&. Kistari ni 6, é ni 2, à ni 0, ile alama ya chini ni 8, & ni 1. Yaani 62081. Na 620 ndizo tarakimu tatu za mwanzo za namba zinazosajiliwa Tanzania. Chukua sabuni yenyewe uangalie chini ya mistari, utazikuta.

Kama unataka kuhakikisha bila kuharibu kitu, fungua Notepad, ile programu ya kuandikia iliyomo kwenye Windows, bonyeza Caps Lock mara moja, uskani tena. Kwenye Windows iliyopangwa Kifaransa, Caps Lock inashika mpaka mstari wa namba, kwa hiyo namba zitarudi. Hiyo ni njia ya kupima tu. Msiigeuze kuwa dawa, maana siku msaidizi wako akiizima ili aandike jina la mteja, mtarudi palepale na foleni imejaa.

Nakuongezea jambo, kwa sababu laptopu zinazopita ziwani hazina kabila moja: kama 6 ingeandika § na 8 ikaandika !, basi ni kibodi ya Kibelgiji, na dawa yake ni nyingine kidogo.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza ni kubadilisha kompyuta. Chini kulia pameandikwa FRA; ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi, inahamia lugha nyingine kama imewekwa. Kama haipo, utaiongeza Kiingereza cha Marekani kwenye mipangilio ya lugha. Ubaya wake ni kwamba vitufe vya laptopu vimechorwa kwa Kifaransa. Ukibadilisha, atakayebonyeza A atapata Q, na atakayebonyeza Z atapata W. Kwa mtu anayeandika bila kutazama vitufe hakuna shida. Msaidizi wa duka anatazama.

Kwa hiyo mimi kwako naona bora ubadilishe skana iijue kibodi ya Kifaransa. Kila skana yenye kitabu ina ukurasa wa nchi ya kibodi, wenye barkodi moja kwa kila nchi; unaskani ile ya Ufaransa, inalia, basi. Kwenye skana za kampuni ya Honeywell amri iliyomo ndani ya barkodi hiyo ni KBDCTY3, na Ubelgiji ni KBDCTY1. Ukiihamishia tena kwenye kompyuta ya Kiingereza, rudisha KBDCTY0, yaani ya Marekani, la sivyo utaniandikia barua nyingine yenye alama za kinyume chake. Na ukishaibadilisha, Caps Lock iwe imezimwa wakati wa kuskani, kwa sababu sasa skana itashika Shift yenyewe, na Shift juu ya Caps Lock inarudisha zile alama.

Shikamoo fundi. Nipo kwenye ghala la kufungasha asali, Sikonge. Skana yetu ni Honeywell ya waya, nimejifunza kuipangia kwa amri kutoka kwenye kompyuta kwa kutumia PuTTY, ile programu ya kuongea na vifaa kwa maandishi. Nikiandika BEPLVL1! mlio unapungua kama bosi anavyotaka. Umeme ukikatika na kurudi, inapiga kelele kama mwanzo, na mimi naanza upya. Je, betri yake ya ndani imeisha? — Kijana wa ghala

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikupongeze, maana wengi hawajui kama skana inaweza kuamriwa kwa maandishi. Wanadhani ni kuskani vitabu tu. Suala la betri lisahau, skana ya waya haitunzi mipangilio kwa betri. Kinachokusumbua ni hiyo alama ya mshangao.

Skana yako ina madaftari mawili ya mipangilio. Moja ni la muda: linaishi kadiri umeme unavyopita kwenye waya. La pili ni la kudumu, umeme ukatike usikatike. Amri yoyote unayoituma lazima imalizie kwa alama inayosema iandikwe wapi. Mshangao ni daftari la muda. Nukta ni la kudumu. Wewe umekuwa ukiandika BEPLVL1! na skana imekuwa ikikutii kikamilifu: imepunguza mlio mpaka kompyuta ilipozimika. Andika BEPLVL1. kwa nukta, uchomoe waya, urudishe, usikilize.

Na ndiyo maana wenzako wenye laptopu hawalioni tatizo hili haraka. Umeme ukikatika Sikonge, laptopu inaendelea na betri yake na skana inaendelea kula humohumo. Kompyuta yako ya mezani ikizimika, na skana imezimika nayo.

Sasa kwa kuwa umefika hapa, ngoja tuelewane vizuri, maana najua kuna wengine wanaosoma ambao hawajui hata unaingiaje.

Skana ikiwa kwenye hali ya kibodi, kwa kawaida inasema tu, haisikii. Kwanza lazima uihamishie kwenye hali ya mlango wa COM, ambako skana na kompyuta huongea pande zote mbili. Kwa Honeywell barkodi ya kufanya hivyo kitabuni inabeba amri TRMUSB130. Ukishaiskani, kompyuta itaonyesha COM fulani kwenye orodha ya vifaa, tuseme COM5. Hiyo namba ndiyo unayoipa PuTTY, ukichagua Serial. Kisha kila amri inatanguliwa na salamu: unashika Ctrl na V, unaandika M kubwa, unabonyeza Enter. Ctrl+V inapeleka herufi ya 22 katika ASCII, ile orodha ya namba za herufi za kompyuta, Enter inapeleka ya 13. Skana ikisikia 22, M, 13, inajua kwamba kinachofuata ni amri. Bila salamu hiyo, unaongea na ukuta.

Amri yenyewe ni herufi tatu za kundi, herufi tatu za jambo lenyewe, halafu thamani. BEP ni mlio, LVL ni kiwango, 1 ni chini. 0 inanyamazisha kabisa, 3 ndiyo ile kelele asiyoitaka bosi. Herufi kubwa au ndogo haijalishi. Ukitaka amri za makundi mawili kwa mkupuo, zitenganishe kwa nukta mkato: BEPLVL1;KBDCTY0. na nukta moja mwishoni inatosha zote.

Skana inajibu. Inairudia amri yako, na kabla ya nukta inaingiza herufi moja ya hukumu. Herufi ya 6, yaani ACK, maana yake imekubali. Ya 5, ENQ, maana yake hiyo amri haiijui. Mfano umeandika BEEPLV1. kwa haraka. Ya 21, NAK, maana yake amri inaijua lakini thamani uliyoipa haimo, mfano BEPLVL9. Tatizo ni kwamba herufi hizi tatu hazina sura. Kwenye PuTTY hutaona kitu, utaona amri yako imerudi tu, na utadhani mambo yamekwenda. Wengi wanaonililia kwamba "amri imekubali lakini haifanyi kazi" wameona huo mwangwi.

Na hapohapo kuna kituko cha PuTTY chenyewe. Kikipokea ile herufi ya 5, kimezoeshwa tangu zamani kujibu kwa kutaja jina lake: kinapeleka neno PuTTY kwenye mlango. Yaani ukikosea amri, skana inauliza "nini?", na programu inaijibu skana kwa jina lake. Nenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya Terminal, utaona kisanduku cha Answerback to ^E. Kifute kibaki kitupu.

Kwa kuwa hukumu haionekani, uliza. Hili nalisema kila nikikaa na kijana mwenye kompyuta, na wengi wananiona mzee msumbufu. Kabla hujaamuru chochote, iulize skana ipo wapi: salamu, halafu BEPLVL?. Alama ya kuuliza inakupa thamani ya sasa. BEPLVL^. inakupa ile ya kiwandani. BEPLVL*. inakupa mipaka, yaani kutoka ngapi hadi ngapi. Andika majibu kwenye karatasi, na karatasi uibandike ndani ya kabati la kompyuta. Kisha toa amri yako, kisha uliza tena. Dakika moja tu. Vijana wanapenda kuamuru moja kwa moja, jambo likiharibika hawajui lilikuwaje mwanzo, wanakimbilia DEFALT. ambayo inafuta kila kitu, pamoja na yale aliyoyapanga aliyewatangulia na ambayo hakuna anayeyakumbuka tena. DEFALT ni amri halali, siikatai. Ila itumie ukiwa na karatasi yako mkononi.

Utaniuliza, kama nukta inadumu, mshangao wa nini? Una kazi yake. Ukiwa unajaribu, tumia mshangao. Ukivuruga, chomoa waya na urudishe, umerudi salama. Na kama siku moja mtaandikiwa programu ya ghala inayoituma mipangilio kwenye skana kila inapofunguliwa asubuhi, programu hiyo itumie mshangao. Hakuna haja ya kuandika upya kwenye kumbukumbu ya kudumu kila siku ya Mungu kitu kilekile, na kumbukumbu za aina hiyo zina kikomo cha kuandikwa. Wewe unayekaa na kuandika kwa mkono mara moja, tumia nukta.

Ukimaliza na unataka skana irudi kuandika moja kwa moja kwenye Excel, tuma PAP124. Ila jihadhari, amri za PAP hubeba na mipangilio mingine kwa mkumbo, mojawapo ni kuongeza Enter mwisho wa namba. Ijaribu Notepad kabla hujampelekea bosi.

Fundi, nina skana ya bei rahisi, haina jina, kitabu kimepotea. Inasoma vizuri ila namba zote zinajipanga mstari mmoja bila kushuka. Rafiki yangu wa Kibondo ana kitabu cha skana nyingine, nimemwomba anitumie picha. Sawa? — Kasulu

Hapana, mwambie asitume.

Unachokihitaji kinaitwa kiambishi cha mwisho: skana ikishaandika namba, iongeze Enter. Kwa Honeywell ingekuwa VSUFCR na tumemaliza. Kwa skana isiyo na jina, barkodi ya kufanya hivyo iko kwenye kitabu chake chenyewe, na barkodi za kampuni moja si amri kwa nyingine. Ukiwa na bahati skana itakataa, au itaziandika kama maandishi ya kawaida. Ukiwa na bahati mbaya ubao wa ndani unafanana kiasi cha kuelewa nusu, na ile nusu inayoielewa ni kuihamisha kwenye hali ya COM. Hapo itawaka, italia, na haitaandika hata herufi moja. Kila mtu dukani ataapa kwamba imekufa.

Geuza skana uangalie kibandiko cha chini au kwenye shina la waya, kuna namba ya modeli. Mpelekee aliyekuuzia akupe kitabu cha modeli hiyo. Ukikipata kwenye simu, kichapishe kwenye karatasi bila kupunguza ukubwa, kwa sababu skana za leza hazisomi barkodi kwenye kioo cha simu. Zenye kamera ndani ndizo zinazoweza. Na ukiwa unaskani ukurasa wenye barkodi nyingi, zifunike nyingine kwa kiganja. Nimeona skana ikiruka na kuchukua ya jirani, mtu anatafuta Enter anapata lugha ya Kijerumani.

Je, ni kweli kwamba barkodi ikianza na 620 bidhaa imetengenezwa Tanzania, na skana inajua bei? — Mwalimu, Ujiji

Mwalimu, yote mawili hapana. 620 inaonyesha namba ilisajiliwa wapi, kama vile 616 ni Kenya na 890 ni India. Kampuni yenye namba ya Tanzania inaweza kufungashiwa bidhaa popote. Na bei haimo kwenye mistari. Tarehe 26 Juni 1974, paketi ya chingamu ya Juicy Fruit iliposkaniwa dukani huko Troy, Ohio, nchini Marekani, mistari ilitoa namba na kompyuta ya duka ndiyo iliyotafuta bei. Mpaka leo ni hivyohivyo. Ukibandikiwa bei ya jana kwenye kaunta, wa kulaumiwa ni aliyeingiza bei kwenye kompyuta.

Fundi, niko zahanati, Urambo. Kitufe cha skana yetu kimezama, hakirudi. Skana inawaka tu ukiigonga mezani. Tunaitumia kupokea dawa. Fundi wa hapa anasema kifaa cha ndani hakipatikani. — Muuguzi

Dada muuguzi, pole na kazi, na acheni kuigonga, ndani mna kioo.

Kama ni ya Honeywell na ipo kwenye hali ya COM niliyoieleza kwa kijana wa Sikonge, kompyuta inaweza kukibonyeza kitufe badala yenu. Unatuma Ctrl+V, herufi T kubwa, Enter. Taa inawaka na skana inatafuta barkodi. Ikisoma, inazima yenyewe. Ukitaka kuizima kabla, Ctrl+V, U, Enter. Muda wa kubaki ikiwaka bila kupata kitu unapangwa kwa TRGSTO, kwa milisekunde, mpaka 300,000. Kwa mfano TRGSTO5000. itasubiri sekunde tano kisha itazima. Programu yenu ya dawa ikiwa na mtu wa kuitengeneza, hiyo T anaweza kuiweka kwenye kitufe kimoja cha kibodi, F8 kwa mfano, na muuguzi anashika kopo kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine.

Kama hakuna mtu wa programu, basi tafuteni kitabuni ile hali ya kusoma yenyewe bila kubonyezwa, inayokusudiwa skana inayokaa kwenye stendi. Mnaiegemeza juu ya meza ikitazama chini, kopo likipita mbele yake inasoma. Kwa zahanati nadhani hii ni bora kuliko F8, kwa sababu haitegemei mtu yeyote kukumbuka chochote zamu ya usiku. Ila iwekeni mahali ambapo jua la dirishani haliipigi usoni. Hapa kwetu saa tisa mchana jua linaingia na nguvu zake, na skana ikimulikwa hivyo inakuwa kama haioni.

Sisi ni kikundi cha akina mama, tunafungasha mawese hapa Kigoma. Tumepata namba zetu za barkodi na kuchapisha lebo nyeupe, mistari tumeiweka nyekundu ifanane na mafuta. Zimependeza sana. Duka kubwa wamezirudisha, wanasema skana yao haizisomi, na simu yangu inazisoma vizuri. Kuna amri gani ya kuiambia skana isome nyekundu? Tunataka pia kuanza chupa za asali, kwa lebo ya nailoni inayoonyesha ndani. — Katibu wa kikundi

Katibu, hakuna amri. Ningekuwa nayo ningekupa, maana najua lebo zimeshalipiwa.

Skana nyingi za kaunta zinamulika taa nyekundu na kupima kinachorudi. Karatasi nyeupe inarudisha mwanga mwekundu wote. Wino mwekundu nao unarudisha mwanga mwekundu. Kwa jicho la skana, mistari yenu na karatasi ni rangi moja. Ingieni chumba chenye giza kidogo, muimulike lebo kwa taa ya skana yenyewe, mtaona mistari inafifia mbele ya macho yenu mpaka ibaki kivuli. Simu yako inasoma kwa sababu inatumia kamera ya rangi na mwanga wa kawaida. Chungwa, njano na dhahabu zina ugonjwa huohuo.

Lebo zote msizitupe. Chapeni vibandiko vidogo vyeupe vyenye barkodi nyeusi tu, mbandike juu ya ile nyekundu. Bluu nzito na kijani kibichi kizito vinafaa pia, lakini nyeusi haina mjadala. Na mtakapochapa lebo mpya, kama roho inataka nyekundu, geuzeni: nyuma pawe pekundu na mistari iwe myeusi. Skana itaiona nyekundu ile kama karatasi nyeupe.

Msijaribu ile lebo ya nailoni inayoonyesha ndani kwa chupa za asali mlizosema mnataka kuanza nazo. Mawese yenye wekundu wake pengine yatawasitiri, lakini asali yetu ya miombo iliyokolea ni nyeusi mbele ya skana, na mistari myeusi juu yake haionekani. Wekeni karatasi nyeupe nyuma yake.

Vipimo mpeni mchapishaji kwa maandishi, asikisie. Barkodi ya tarakimu 13 kwa ukubwa wake kamili ni milimita 37.29 kwa upana, ikijumlishwa na nafasi nyeupe za pembeni. Inaruhusiwa kupunguzwa mpaka asilimia 80, yaani karibu milimita 30, isiende chini ya hapo. Ile nafasi nyeupe ya kushoto, kwa ukubwa kamili, ni milimita 3.63 na ya kulia 2.31, na wachapaji wa kwetu wanaipenda sana nafasi hiyo kwa kuweka ua au namba ya simu. Waambieni pabaki patupu, kwa sababu skana hapo ndipo inapojua mistari imeanza na imeishia wapi.

Kwa zile chupa ndogo za robo lita, zungusheni barkodi ilale, mistari ipite ikizunguka chupa, ipangane juu na chini kama vipago vya ngazi. Ikisimama wima, mistari ya pembeni inakimbilia nyuma ya mviringo na skana haiifikii. Chapeni moja, mbandike kwenye chupa iliyojaa mafuta, mpeleke palepale kwenye kaunta ya lile duka waiskani, ndipo muagize zilizobaki.